Firauni wa Qur'ani hatafutwi makumbusho

Tangu Misri ilipofungua rasmi Jumba Kuu la Makumbusho huko Giza, Novemba 1, 2025, ujumbe wa zamani umefufuka katika makundi ya WhatsApp ya Waislamu, pwani na bara. Unakuja na picha ya maiti iliyokauka ya Ramses wa Pili, mfalme wa Misri ya kale: shingo ndefu, pua ya upinde, nywele chache za rangi ya hina. Chini yake imebandikwa aya ya 92 ya Surat Yunus, pale Firauni anayezama anapoambiwa kwamba leo mwili wake utaokolewa ili awe ishara kwa walio nyuma yake. Kisha maelezo: huyu ndiye Firauni wa Nabii Musa (A.S.), sasa dunia nzima inakwenda kumtazama, mtumie na mwenzako. Ujumbe huo una kosa dogo na kosa kubwa. Kosa dogo ni kwamba maiti hiyo haimo katika jumba jipya. Miili ya wafalme 18 na malkia 4 ilihamishwa Aprili 3, 2021 kutoka makumbusho ya zamani ya uwanja wa Tahrir hadi Makumbusho ya Taifa ya Ustaarabu wa Misri, Fustat, mtaa wa kale wa Cairo, kwa msafara wa magari yaliyopambwa kifirauni na mizinga 21 ya heshima, Rais Abdel Fattah el-Sisi akiwa mlangoni kuipokea. Giza mgeni anapokewa na sanamu ya Ramses wa Pili, tani 83 za jiwe, na ndani anaikuta hazina ya Tutankhamun. Kosa kubwa ni kuidhani aya ile imetimia kwenye sanduku la kioo. Qur'ani imemtaja Firauni mara 74, na katika mara zote hizo haikusema jina lake la kuzaliwa, ukoo wake wala mwaka aliotawala. Iliyoyasimulia kwa kirefu ni maneno yake, watu waliomzunguka, na namna alivyopata kutiiwa. Sisi tumeichukua habari ya dhulma tukaifanya habari ya maiti.

Asili ya jambo hili inafahamika. Mwaka 1881, huko Deir el-Bahari ng'ambo ya Luxor, lilifichuliwa shimo ambamo makuhani wa kale walizificha maiti za wafalme zisiibwe, na mojawapo ilikuwa ya Ramses wa Pili. Mwaka 1898 ikapatikana nyingine ya Merneptah, mwanawe aliyemrithi, katika kaburi la Amenhotep wa Pili. Grafton Elliot Smith, mtaalamu wa maumbile ya mwili, akaifungua sanda ya Merneptah mwaka 1907 na kukuta ngozi yake ina ukoga wa chumvi. Hapo ndipo uvumi ulipopata mguu wa kusimamia: chumvi, kwa hiyo bahari, kwa hiyo aliyezama. Miaka 70 baadaye akaja Maurice Bucaille, daktari Mfaransa, akaitangaza nadharia hiyo kwa lugha nyingi. Simulizi linalozunguka kwenye simu linasema yeye ndiye aliyeongoza uchunguzi wa Ramses mjini Paris mwaka 1976, akaona chumvi, akasilimu papo hapo. Kilichompeleka Ramses Paris ni kuvu waliokuwa wakimla. Kazi ilifanyika chini ya Lionel Balout wa Makumbusho ya Binadamu, maiti ikapigwa miale ya gama kuua kuvu hao, na mwezi Mei 1977 ikarudishwa Cairo. Ile picha ya pasi yake ya kusafiria, eti imeandikwa kazi yake ni mfalme, ni ya kubuni. Wala Bucaille mwenyewe hakusema Ramses alizama. Kwake yeye Ramses alikuwa mtesaji wa Bani Israili na aliyezama ni Merneptah. Kwa maneno mengine, wanaomnukuu wanabandika picha ya mtu asiyekuwa chaguo la shahidi wao.

Wanaoitetea rai hii wana hoja moja yenye uzito, nayo tuipe haki yake. Aya imesema "walio nyuma yako", na maneno hayo yanaweza kubeba vizazi vyote hadi kiyama, wala si lazima yaishie kwa waliokuwa wamesimama ufukweni siku ile. Mwenyezi Mungu hashindwi kuuhifadhi mwili kwa miaka elfu tatu. Biblia haikutaja kuokolewa kwa mwili huo, na mtu wa Makka wa karne ya saba hakuwa na njia ya kujua kwamba milimani kule Luxor kumelala maiti za wafalme. Mimi sioni ubaya wa Muislamu kuwaza hivyo moyoni mwake. Shaka yangu inaanzia pale anapoondoka kwenye "inawezekana" akaingia "imethibiti", akaining'iniza imani ya kijana kwenye karatasi ya maabara ambayo hajaiona. Vipimo vinarudiwa kila mara. Siku vikisema kinyume, tutamwambia nini huyo kijana?

Hoja dhaifu ndiyo inayopendwa zaidi, nayo ni hiyo ya chumvi. Misri ya kale ilihifadhi maiti kwa kuzifukia katika natroni kwa muda wa siku 40 hivi mpaka unyevu wote utoke, na natroni ni ndugu wa haya magadi tunayotia kwenye maharage, yale yanayochotwa Ziwa Magadi na Ziwa Natron. Maiti iliyopitia humo itakosaje chumvi? Ukitaka kuifanya dalili ya kuzama, basi itabidi uwazamishe na Hatshepsut, na Thutmose, na nusu ya makuhani wa Thebes, Luxor ya kale. Hali ni hiyo hiyo kwa anayesema muujiza ni mwili wenyewe kutooza: wako 22 pale Fustat, na wengi wao hakuna anayedai waliwahi kumwona Nabii yeyote. Ramses tunayeletewa picha yake alikufa mzee wa karibu miaka 90, mishipa imekakamaa, viungo vinauma, usaha umetunga kwenye taya. Kuna na tatizo ambalo wapenzi wa Bucaille hawaligusi kabisa. Kwa usomaji wa dhahiri wa Qur'ani, Firauni aliyemlea Musa ndiye huyo huyo aliyemkabili aliporudi, kwani anamwambia katika Surat Ash-Shu'araa: hatukukulea kwetu ukiwa mtoto? Nadharia ya mafirauni wawili, mmoja mtesaji na mwingine mzamaji, inatoka kwenye Kitabu cha Kutoka, ambako mfalme wa kwanza anakufa Musa akiwa uhamishoni Midiani. Tumeazima usomaji wa Biblia ili tuithibitishe Qur'ani, kisha tunatembea kifua mbele.

Wafasiri wa zamani hawakuwa na tabu hii. Tabari, aliyefariki mwaka 923, anazo riwaya kwamba baadhi ya Bani Israili walikataa kuamini kuwa Firauni amekufa. Mtu aliyewatisha vile angewezaje kufa? Basi bahari ikautupa mwili wake mahali pa juu wakauona kwa macho yao. Hiyo ndiyo ishara kwa walio nyuma, na ilieleweka kwa takriban miaka elfu moja kabla ya shimo la Deir el-Bahari kujulikana. Wengine walimpa hata jina, al-Walid bin Mus'ab, jina la Kiarabu tupu, ambalo linaonyesha tu kwamba hawakuona dini inategemea kumjua kwa hakika. Niliwahi kumsikia kijana kwenye darsa ya baada ya Magharibi akimshikia sheikh simu: "Sheikh, ndiye huyu?" Sheikh akaitazama kidogo, akamrudishia. "Mwanangu, Mola wako hakukutajia jina lake. Umeambiwa alivyofanya. Hayo umeshayamaliza?"

Kuna kundi jingine linalopinga makumbusho yenyewe, kwamba kuyajenga ni kumtukuza adui wa Mungu. Nalipita haraka. Misri imevutana na jambo hili kwa miaka mia. Mwaka 1928 mbele ya stesheni kuu ya reli ya Cairo ilizinduliwa sanamu ya Mahmoud Mukhtar, mwanamke wa Kimisri akiinua shela yake huku mkono mmoja umeegemea simba mwenye kichwa cha mtu. Mwaka 1955 serikali ya Nasser ikaiondoa pale na kuleta sanamu ya Ramses kutoka Memphis, mji mkuu wa kale, akasimama katikati ya moshi wa mabasi hadi mwaka 2006 alipoondolewa kuokolewa na uchafu wa hewa. Huyo ndiye aliyeko Giza leo. Kila serikali imemhitaji mfalme huyo kwa sababu zake, nyingi zikiwa za siasa na utalii. Lakini Qur'ani haikusema kila mfalme wa Misri alikuwa Firauni wa Musa, na yenyewe imewaamuru watu watembee katika ardhi waangalie ulikuwaje mwisho wa waliokadhibisha. Wa kuangalia lazima wawe na cha kuangalia.

Turudi kwenye yaliyosemwa. Mahali pa kuanzia ni barazani kwake, Surat Ash-Shu'araa, kwa sababu mazungumzo yale yamepangwa hatua kwa hatua. Musa anafika na dai moja: waachie Bani Israili waondoke nami. Firauni halijibu dai hilo. Kwanza anamsimbulia: tulikulea, umekaa kwetu miaka, kisha ukafanya kile kitendo chako, mtovu wa shukrani wewe. Musa anakiri kitendo, yaani kumuua mtu, hajifichi, kisha anamgeuzia: hiyo ndiyo neema unayonisimanga nayo, na wewe umewatumikisha wana wa Israili? Hapo mfalme anahamia kwenye dhihaka, anauliza huyo Mola wa walimwengu ni nini, na anapojibiwa hamwangalii tena Musa, anawageukia waliokaa pembeni yake: hamsikii? Kisha, mtume wenu huyu ana wazimu. Kisha, ukimfanya mungu asiyekuwa mimi nitakutia gerezani. Wema wa kusimangwa, kejeli, tuhuma ya kichaa, jela. Hoja haikujibiwa hata mara moja, na aliyekuwa na jeshi ndiye aliyeonekana kubanwa.

Muujiza wa fimbo ulipomshinda, akabadilisha wimbo. Akawaambia wakuu wake: mchawi huyu anataka kukutoeni katika ardhi yenu, basi mnaamuru nini? Mtu anayejiita mola mkuu anaomba amri kwa watu wa baraza lake. Katika Surat Ghafir yapo mengine ya namna hiyo: niacheni nimuue Musa. Nani amemshika? Wafasiri waliligusa swali hilo, na majibu yao yanaelekea mahali pamoja, kwamba utawala ule ulisimama kwa makubaliano, na aliyekaa juu alijua hivyo. Sababu anayoitoa ni ya kumtetea mwananchi: naogopa ataibadilisha dini yenu au ataleta fisadi katika nchi. Mchinjaji wa watoto wachanga anahofia maadili ya umma. Na Bani Israili wanapotoka usiku, matangazo yanapelekwa mijini: hawa ni kikundi kidogo tu, wanatuudhi, na sisi sote tuko macho. Maneno hayo yana karne kumi na nne tangu yateremshwe, na msomaji wa magazeti hahitaji tafsiri yake.

Halafu tazama waliomzunguka. Haman anachoma matofali ya mnara wa kumchungulia Mungu wa Musa, na katika mnara huo hatumsikii akisema neno. Qarun, naye Qur'ani inasema wazi kwamba alikuwa katika kaumu ya Musa, ametajirika mpaka funguo za hazina zake zinawalemea watu wenye nguvu, na Surat Al-Ankabut na Surat Ghafir zinamtaja pamoja na Firauni na Haman: mwana wa wanyonge aliyehesabiwa upande wa mnyongaji. Wakuu katika Surat Al-A'raf wanamchochea mfalme wao, utamwacha Musa na watu wake wafanye fisadi nchini? Wachawi wanakuja wakiulizia ujira, na anawaongezea kitamu zaidi ya fedha: mtakuwa katika waliokaribishwa. Hao hao, saa chache baadaye, wanasujudu, na yeye anakasirika kwa sababu ambayo inastahili kusomwa polepole: mmemuamini kabla sijakupeni ruhusa? Wakatishiwa kukatwa mikono na miguu mbali mbali na kutundikwa kwenye magogo ya mitende. Wakamjibu kwamba hukumu yake inaishia maisha haya ya dunia. Wako pia mke wa Firauni aliyeomba nyumba kwa Mola wake, na yule mtu wa jamaa zake aliyeficha imani yake mpaka siku aliyosikia Musa anataka kuuawa, akasimama kusema: mtamuua mtu kwa kuwa anasema Mola wangu ni Allah? Nyumba moja na baraza moja, na kila mmoja alikuwa na nafasi ya kuchagua. Ndiyo maana Surat Al-Qasas inasema Firauni, Haman na majeshi yao walikuwa wenye makosa. Askari wametajwa humo humo, kwenye sentensi moja na mfalme.

Hapa nitaambiwa: unaitia dini siasa, na jina la Firauni likiingia siasani damu humwagika. Hoja hii siidharau, kwa kuwa historia inaiunga mkono. Oktoba 6, 1981, katika gwaride la kijeshi Cairo, Luteni Khalid Islambuli na wenzake walimpiga risasi Rais Anwar Sadat, na kauli iliyonukuliwa kwa Islambuli ni kwamba amemuua Firauni. Matokeo yake tunayajua. Sheria ya hali ya hatari iliyotangazwa kwa mauaji yale ilidumu hadi mwaka 2012, Hosni Mubarak akatawala karibu miaka 30, na vijana waliojaa Tahrir mwaka 2011 wakamwita na yeye Firauni. Lakini kosa la Islambuli na kosa la mtumaji wa picha ya maiti ni moja. Wote wawili wanaamini Firauni ni kiwiliwili. Mmoja anataka kumwona amekauka, mwingine anataka kumwona ameanguka, na wote wameruka yale yanayomfanya awe Firauni. Qur'ani, yenye ukali wote huo juu ya mtu huyu, iliwatuma Musa na Harun kwake kwa agizo la ajabu katika Surat Twaha: mwambieni maneno laini, huenda akakumbuka au akaogopa. Musa alikuwa amewahi kuua mtu kwa ngumi huko Misri, akajuta, akaomba msamaha. Aliporudi hakurudi na upanga. Ibn Arabi, mwanatasawwuf aliyefariki mwaka 1240, alifika hadi kusema imani ya Firauni wakati wa kuzama huenda ilimfaa. Wanazuoni wengi walimpinga, na nadhani walikuwa na haki, maana aya yenyewe inamkemea: sasa hivi, na hali uliasi kabla? Hata hivyo mlango wa toba uliwekwa mbele yake kwa miaka, na waliomwekea ni wale aliowatesa.

Kinachotukwepesha zaidi na usomaji huu, nadhani, ni kwamba unamgusa anayetii. Firauni wa sandukuni hatudai chochote. Amekufa, si wa kabila letu, tunapiga picha tunaondoka. Firauni wa Surat Az-Zukhruf anawaambia watu wake: ufalme wa Misri si wangu, na mito hii haipiti chini yangu? Anamcheka Musa kwamba hana bangili za dhahabu na hasemi kwa ufasaha. Kisha aya inatoa hukumu ambayo sehemu yake ya pili huwa tunaisoma mbio: akawachezea akili watu wake, nao wakamtii, hakika wao walikuwa watu wapotovu. Wapotovu ni waliotii. Surat Ghafir ikishamaliza habari ya watu wa Firauni inaufungua mlango wa Motoni tuwasikie wanyonge wakiwaambia wakubwa: sisi tulikuwa wafuasi wenu, je, mtatuondolea sehemu ya moto huu? Udhuru wa kwamba tuliamriwa umesikilizwa, na haukupokelewa.

Kila Muharram msikiti mwingi wa pwani hukumbusha funga ya Ashura. Asili yake ni kwamba Mtume (S.A.W.) aliwakuta Mayahudi wa Madina wamefunga siku aliyookolewa Musa, akasema sisi tuna haki zaidi kwa Musa, akafunga na kuamrisha ifungwe. Ndio msimu picha ile ya maiti inapozunguka zaidi, na ndio msimu ambao khatibu mwenye nusu saa ya mimbari angeweza kuisoma aya ya 129 ya Surat Al-A'raf. Watu wa Musa wanalalamika kwake kwamba waliteswa kabla hajaja na wanateswa baada ya kuja. Naye anawajibu: huenda Mola wenu akamwangamiza adui yenu, akakufanyeni nyinyi washika nafasi katika ardhi, atazame mtafanyaje. Aya tisa mbele wameshavuka bahari, adui amekwisha, na wanamwomba Musa awatengenezee mungu wa sanamu kama walionao wenyeji wa pale. Nchi zetu zilivuka bahari yake, yaani zilipata uhuru, miaka 60 hivi iliyopita, na khutba inayoanzia hapo ina mengi ya kuuliza: sheria za kuweka watu kizuizini tulizorithi kwa mkoloni zimeguswa kiasi gani, nani kati yetu ni Haman mchoma matofali, nani Qarun, na ni wachawi wangapi bado wako kwenye foleni ya ujira.